Springi Hubeba, Shoki Hutuliza: Kupanga Miguu ya Gari Dogo kwa Barabara za Nyamarambe

Gari dogo likianza kugonga nyuma huku kwetu, dawa inayotajwa haraka ni moja: kaza shoki. Dereva anaisema, abiria anaiunga mkono, na fundi mwenye foleni ya wateja hana muda wa kubisha. Siku hizi dawa hiyo imepata nguvu mpya, maana shoki za kurekebishika pamoja na zile seti za koilova, yaani springi na shoki zinazouzwa pamoja na kimo chake kinarekebishika, zimeacha kuwa mali ya Subaru za vijana wa mjini. Sasa utazikuta kwenye Vitz, Fielder, Fit na Demio zinazolala Nyamarambe. Na mtu akishaona kifundo cha kuzungusha juu ya shoki, mkono humwasha.

Nianze na jambo ambalo mengine yote yanalitegemea. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shoki haibebi uzito wa maana. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya kubonyea. Gari lililolemewa ukilikazia shoki litabaki limelemewa vilevile, na juu ya hapo litakuwa gumu na litarukaruka kwenye kona. Ukilielewa hilo, umeshajiepusha na nusu ya hasara ambazo watu wanaingia kwa koilova.

Nyamarambe, makao makuu ya Gucha Kusini, ni mahali pagumu kwa mtu anayetaka gari lililopangwa kwa namna moja tu. Ukielekea Tabaka kwa wachongaji wa mawe, au Etago, unapanda na kushuka vilima, kona zinafuatana, na barabara za ndani ni za maramu. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unaingia kila mahali, hadi kwenye nyuzi za shoki. Ukishafika lami kuu ya Kisii na Migori, unakutana na mwendo wa kasi na matuta. Halafu kuna mzigo. Gari lile lile asubuhi lina dereva peke yake, mchana lina watu watano na mikungu ya ndizi kwenye buti. Mpangilio unaofaa hapa ni ule unaovumilia hali zote hizo, hata kama hauongozi kwa lolote.

Wapo wanaodhani gari dogo haliwezi njia mbaya. Mwaka 1993 Subaru ilileta Vivio kwenye Safari Rally, kigari chenye injini ya sisi 660. Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia, hakumaliza na Vivio yake. Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, aliifikisha yake mwisho katika nafasi ya 12 na kushinda daraja lake. Tangu enzi hizo, anayetayarisha gari la Safari huliinua na kulipa gurudumu nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kisha analinda ile nafasi. Hakuna anayelishusha. Ndiyo maana naumia nikiona kijana ametumia akiba ya mwaka kununua koilova, akaanza kwa kulishusha gari vidole vitatu, kisha akakwangua sampu kwenye tuta la kwanza.

Kabla hujanunua chochote, mlaze fundi chini ya gari na tochi. Sauti ya kugonga mara nyingi haitoki kwenye shoki. Hutoka kwenye bushi za kontroli amu, boli jointi, linki za stabilaiza, au zile raba za juu za shoki ambazo wengi huziita mauntingi. Shoki iliyokufa ina dalili zake: mwili wake umelowa mafuta yaliyonasa vumbi, tairi lina mabonde kwenye mzunguko wake, na gari ukilisukuma chini kwa kona moja na kuliachia linacheza zaidi ya mara moja kabla ya kutulia. Ukifunga koilova mpya juu ya bushi zilizochakaa, sauti itabaki na utamlaumu bure aliyekuuzia.

Sasa tuseme umeamua. Jua kwanza unachonunua. Mbele ya gari hizi karibu zote, springi imeivaa shoki na vyote ni kitu kimoja. Nyuma mambo ni tofauti: kwenye Vitz, Fit, Demio na Fielder nyingi, springi imekaa peke yake na shoki imesimama kando. Kwa hiyo seti inayouzwa kwa jina la koilova, kwa nyuma inakuletea springi fupi yenye sahani ya kurekebisha kimo, na shoki iliyotengana nayo. Ukiinua nyuma kwa kupandisha ile sahani, shoki haijui. Inavutwa tu irefuke. Ukizidisha, gurudumu likiingia shimoni shoki inafika mwisho wa urefu wake na kupiga kwa ukali. Madereva wengi huichukua sauti hiyo kuwa ya bushi, wakabadilisha bushi, na sauti ikabaki.

Mbele nako kuna aina mbili. Kuna zile ambazo kimo hubadilishwa kwa kupandisha na kushusha sahani ya springi pekee. Hizo, ukiinua gari, rodi ya shoki inatoka nje zaidi: unapata nafasi zaidi ya kubonyea lakini unapunguza nafasi ya gurudumu kushuka. Aina ya pili ina kikombe cha chini chenye nyuzi, ambacho ukikizungusha gari linapanda au kushuka na rodi inabaki pale pale. Hii ya pili ndiyo ninayopendekeza kwa barabara zetu, hata ikiwa na bei ya juu, kwa kuwa unapanga kimo bila kuiba nafasi ya shoki. Kanuni ninayoifuata ni kwamba gari likiwa limesimama na mzigo wake wa kawaida, karibu theluthi moja ya mwendo wa shoki ibaki kwa gurudumu kushuka, na theluthi mbili kwa kubonyea. Watu hufikiria tuta na kusahau shimo. Gurudumu lisiloweza kushuka shimoni linaning'inia hewani, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani.

Nguvu ya springi za Kijapani huandikwa kwa kilo kwa milimita. Springi yenye nguvu ya 4 hubonyea milimita moja kwa kila kilo nne. Springi za kiwandani za gari dogo mara nyingi ziko karibu 2 hadi 3. Chukua Fielder, ketisha watu watatu nyuma, kila mmoja kilo 70, na gunia moja la mahindi la kilo 90 kwenye buti. Hizo ni kilo 300. Tuseme zote zimeangukia nyuma, kilo 150 kila upande. Kwa springi ya 3, nyuma inashuka milimita 50. Kwa springi ya 5, inashuka 30. Kwa kweli itashuka zaidi kidogo, kwa sababu springi ya nyuma mara nyingi haikai sawasawa juu ya gurudumu, lakini hesabu hiyo inatosha kukuonyesha nguvu inakotoka. Hakuna kifundo cha shoki kitakachokurudishia zile milimita 20.

Je, basi kila mtu anunue springi ngumu? Hapana. Gari hilo likiwa tupu, springi ya 5 nyuma italirusha kwenye maramu, na dereva aliye peke yake ataona nyuma inataka kwenda kando kwenye kona ya changarawe. Kuna seti za Kijapani za gari hizi zenye springi za 5, 6 au zaidi; hizo zilitengenezwa kwa lami laini. Kwa mtu wa Nyamarambe anayebeba familia na mzigo wa soko mara mbili kwa wiki, ushauri wangu ni kwamba springi ya nyuma isizidi ile ya kiwandani kwa zaidi ya nusu ya nguvu yake, na ya mbele isizidi kwa zaidi ya robo. Anayebeba abiria na mizigo kila siku kwa Probox, huyo ni mtu mwingine. Atafute springi za nyuma za kazi nzito zilizotengenezwa kwa gari lake, aachane na koilova kabisa.

Katika kufunga, kuna mambo machache ambayo fundi wa haraka huyaruka. Rodi ya shoki isishikwe kwa pulaiza. Ikikwaruzwa, sili itararuka na mafuta yatavuja ndani ya miezi michache. Springi ya zamani ifunguliwe kwa kibana springi kizima, chenye nyuzi ambazo hazijachakaa. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaua, kwa hiyo asikae mtoto wala mtazamaji karibu. Koilova ikishafungwa na gari likiwa bado juu ya jeki, hakikisha springi haichezi mkononi. Springi inayolegea gurudumu likining'inia inaweza kuruka kutoka kwenye sahani yake.

Na hili la bolti za bushi nitalirudia hadi lizoeleke. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba, iwe za kontroli amu au za boriti ya nyuma, zisikazwe mwisho gari likiwa linaning'inia. Bushi ya raba hujipinda, haizunguki. Ukiikaza gurudumu likiwa chini kabisa, siku gari likitua raba inakaa imejipinda saa zote, inashikilia gari juu kuliko inavyopaswa, na inachanika mapema. Ziweke zikiwa zimeshika tu, teremsha gari juu ya magurudumu yake, lisukume mbele na nyuma, kisha ndipo uzikaze. Bushi mpya ikifungwa hivyo inaishi maisha yake yote.

Kimo kipimwe mahali palipo sawa. Uwanja wa kituo cha mafuta wenye saruji unafaa kuliko ua wa gereji. Tia hewa kwenye matairi kulingana na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tairi likiwa baridi. Ukishatoa jeki, sukuma gari mita chache mbele na kulirudisha, kwa sababu matairi yaliyoshushwa papo hapo huwa yamebana kando na yatakudanganya. Kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwa magurudumu yote manne, na uandike. Usipime kutoka ardhini, maana hewa ya tairi itakuharibia hesabu. Kushoto na kulia zikipishana milimita tano sina shida. Zikipishana zaidi, usikimbilie kuzungusha upande mmoja. Ukiinua kona moja, unaongeza uzito juu yake na juu ya ile iliyo mkabala wake kwa mshazari, na gari linalosimama sawa kwa macho linaweza kuvuta upande mmoja linapofunga breki. Angalia kwanza kama bushi ya upande mmoja imekufa au springi imekaa vibaya kwenye sahani.

Kimo chenyewe kiwe kipi? Kwa huku kwetu, rudisha gari kwenye kimo cha kiwandani, au liinue milimita 15 hadi 20 juu yake. Zaidi ya hapo unaanza kuzitesa sivi jointi kwa kuzikunja, na linki za stabilaiza zinavutwa. Gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na uangalie mipira ya breki na nyaya za ABS. Zikiwa zimenyooka kama zinataka kukatika, umezidisha. Baadhi ya magari ya mizigo yana vali inayopima mzigo kwa umbali kati ya ekseli na bodi. Ukiinua nyuma, vali hiyo inaamini gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Fundi wa breki anaweza kuirekebisha, ila ni lazima umwambie.

Kimo kikishatulia, ndipo tunafika kwenye kile kifundo. Kizungushe kwa upole hadi mwisho wa ugumu, kisha hesabu kurudi nyuma ukisikiliza kila mbofyo. Hesabu siku zote kutoka kwenye ugumu, kwa sababu mwisho wa ulaini mara nyingi hauko wazi. Shoki nyingi za TEIN zina hatua 16, za BC Racing 30, kwa hiyo namba ya rafiki yako haina maana kwako. Anza katikati. Chagua kipande kimoja cha njia chenye shimo, kona na ile mikunjo kama ya bati inayotokea kwenye maramu, na ukirudie kipande hicho hicho kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, mbele au nyuma, kwa hatua mbili au tatu.

Gari likiendelea kupanda na kushuka baada ya tuta, shoki ni laini mno, kaza. Hilo kila mtu analijua. Kinyume chake ndicho kinachowapita wengi. Shoki ikikazwa kupita kiasi, springi ikibonyea haipati nafasi ya kufunguka kabla ya mkunjo unaofuata kufika. Kila mkunjo unaibonyeza zaidi, gari linazidi kushuka, na mwishowe linagonga kikomo chake. Dereva anahisi mgongano, anasema shoki ni laini, anakaza tena, na hali inazidi kuwa mbaya. Ukiona gari linatulia kwenye lami lakini linagonga na kuteleza kwenye mikunjo ya maramu, legeza. Legeza hatua tatu na ujaribu kabla ya kufikiria kununua kitu.

Kuna njia rahisi ya kuuliza shoki yenyewe inasema nini. Chukua kebo tai nyembamba, ifunge kwenye rodi ya shoki ya mbele, chini ya raba ya kikomo, ile inayozuia shoki isigonge mwisho wake, iwe imebana kiasi cha kusogea ikisukumwa. Vua kifuniko cha vumbi kwanza ikiwa kinazuia. Isukume hadi iguse mwili wa shoki, kisha endesha safari yako ya kawaida, ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Ukirudi, angalia ilikosukumwa. Ikiwa imefika kwenye raba ya kikomo na kuigusa tu, umepanga vizuri. Ikiwa imepondwa ndani ya raba na raba yenyewe imekatika, springi ni laini kwa mzigo wako au gari liko chini mno. Ikiwa imesogea kidogo tu katikati, springi ni ngumu kuliko unavyohitaji na mgongo wako ndio unaolipa.

Baada ya hapo gari lazima liende alainimenti. Kila ukibadilisha kimo, magurudumu ya mbele hubadilisha mwelekeo, yakatazamana au yakapeana kisogo, na vilevile huinama ndani au nje. Tairi jipya linaweza kulika ukingo wa ndani ukafika waya huku upande wa nje bado una maua mazuri. Alainimenti inayofanywa kabla ya springi mpya kukaa inabidi irudiwe, kwa hiyo endesha kilomita mia chache kwanza kwa mwendo wa pole. Rekebisha na taa za mbele pia; gari lililoinuliwa nyuma linamulika chini, na lililoshuka nyuma linawapofusha wanaokuja.

Kuna njia za mkato ambazo siwezi kuzinyamazia. Kijana wa gereji atamwambia mteja, "Mzee, nikuwekee bufa utulie," akimaanisha ile raba inayopachikwa kati ya mizunguko ya springi. Gari litasimama juu, ni kweli. Lakini raba hiyo inaua kazi ya mzunguko ule, mizunguko iliyobaki inabeba kila kitu, na springi iliyokula kutu inaweza kukatikia hapo. Spesa ya alumini juu ya shoki ni afadhali, mradi isizidi milimita 20 na bolti zake ziwe ndefu za kutosha. Kukata springi kwa grainda au kuipasha moto kwa gesi ili ishuke ni hatari tupu. Chuma kilichopashwa kinapoteza ugumu wake, na springi iliyokatwa haikai tena kwenye sahani.

Ukinunua koilova zilizotumika kutoka Japani, ziwe za Kirinyaga Road Nairobi au za duka la Kisii mjini, chukua muda. Sehemu nyingine za Japani hutiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula nyuzi. Omba spana ya ndoano na uzungushe nati zote mbele ya muuzaji. Nati isiyozunguka dukani haitazunguka Nyamarambe. Pitisha kucha juu ya rodi: ukihisi mkwaruzo, iache. Bonyeza rodi ndani na uiachie. Shoki ya gesi inapaswa kurudi yenyewe, polepole na bila kukwama. Nne zote zifanane. Mara ukizifunga, safisha nyuzi kwa brashi ya nailoni, paka mafuta mazito, na kila msimu wa mvua ukiisha uzioshe tena, kwa sababu udongo wetu ukikaukia hapo unazifunga.

Iarifu kampuni yako ya bima kwamba umebadilisha miguu ya gari, kwa maandishi, na uhifadhi nakala.

Kama mfuko wako unaruhusu kitu kimoja tu mwaka huu, usinunue koilova. Nunua shoki nne mpya za kiwango cha kiwandani kutoka kwa muuzaji anayeaminika, mauntingi zake, raba za kikomo na bushi za mbele, na ulipe alainimenti nzuri. Kwa gari dogo linalokwenda Tabaka, Etago na Kisii, hizo zitakupa breki, usukani na starehe bora kuliko koilova ya bei rahisi. Na chochote utakachofunga, rudi kwa fundi baada ya kilomita 500 ukaze nati na bolti zote upya, magurudumu yakiwa chini.